Faraja kwa wahamishwa katika unabii wa Kiebrania

Faraja kwa wahamishwa ni jumla ya maneno ya matumaini ambayo manabii wa Kiebrania waliwaelekezea watu wa Yuda waliochukuliwa mateka hadi Babeli katika karne ya 6 KK. Yamo hasa katika Yeremia 29–33, Ezekieli 33–48 na Isaya 40–55. Sehemu hiyo ya mwisho, ambayo wataalamu huiita Isaya wa Pili, ndiyo yenye ushairi uliokomaa zaidi na ndiyo iliyoandikiwa vitabu vingi kuliko nyingine. Makala hii nayo inaielemea.

Neno lenyewe

Kitenzi cha Kiebrania kinachotumika ni cha mzizi n-h-m, mzizi uleule wa majina Nehemia na Nahumu. Maana yake haiishii kwenye kumpa mtu pole. Kinaweza pia kumaanisha kughairi, kubadili nia, na katika vinywa vya manabii mara nyingi anayefariji ni yule anayeondoa chanzo cha kilio. Kwa hili neno la Kiswahili faraja, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kufunguka kwa dhiki, limekaa karibu na Kiebrania kuliko maneno ya lugha nyingi za Ulaya. Hata hivyo Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ilichagua kutuliza mioyo katika mstari wa kwanza wa Isaya 40, ilhali Biblia Habari Njema ilirudi kwenye kufariji.

Usuli

Mwaka 597 KK Nebukadreza II, mfalme wa Babeli, aliutwaa Yerusalemu kwa mara ya kwanza, akamhamisha mfalme kijana Yehoyakini (Yekonia) pamoja na wakuu, askari na mafundi. Mwaka 587 au 586 KK mji ulibomolewa na hekalu likachomwa. Uhamisho wa tatu, mdogo, ulifuata mwaka 582 KK. Kitabu cha Yeremia kinatoa hesabu ya watu 3,023, kisha 832, kisha 745, jumla 4,600. Wafalme wa Pili kinataja 10,000 kwa awamu ya kwanza pekee. Huenda hesabu ndogo iliwahusu wanaume tu. Kwa vyovyote vile, wengi wa watu wa Yuda walibaki nchini, na dhana ya nchi iliyobaki tupu ni ya waandishi wa baadaye walioishi upande wa wahamishwa.

Hali ya mateka inajulikana vizuri kuliko inavyodhaniwa. Katika jumba la kifalme la Babeli, lililochimbwa na Robert Koldewey kati ya 1899 na 1917, vilipatikana vibao vya udongo vya mwandiko wa kikabari vinavyoorodhesha posho ya mafuta ya ufuta. Ernst Weidner alipovichapisha mwaka 1939, miongoni mwa waliopewa posho alikuwamo Yehoyakini, akitajwa bado kwa cheo cha mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano. Kimoja cha vibao hivyo ni cha mwaka 592 KK. Kundi jingine, lililochapishwa na Laurie Pearce na Cornelia Wunsch mwaka 2014, lina zaidi ya vibao 100 vya kati ya 572 na 477 KK. Vingi vinahusu kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda, ambako wahamishwa walilima mashamba ya taifa, wakalipa kodi, wakakopeshana shayiri na kugawana urithi. Vibao hivyo havikutoka katika uchimbaji wa kitaalamu bali sokoni, jambo linaloacha doa kwenye ushahidi ambao vinginevyo ni mzuri sana.

Basi hawakuwa watumwa wa minyororo. Msiba wao ulikuwa mwingine: mungu wao alionekana ameshindwa na Marduki, mungu mkuu wa Babeli, nyumba yake imeungua, na mfalme wa ukoo wa Daudi anapimiwa mafuta na mpishi wa adui. Kitabu cha Maombolezo, kilichotungwa Yuda, kinauchora Yerusalemu kama mjane anayekaa matanga bila mtu wa kumpa mkono wa pole, na kauli kwamba hana mfariji inarudi tena na tena katika sura yake ya kwanza.

Yeremia: barua na shamba

Yeremia hakuhamishwa Babeli. Alibaki Yerusalemu, na faraja yake ya kwanza ilisafiri kwa barua, iliyobebwa na Elasa na Gemaria, wajumbe wa mfalme Sedekia. Barua hiyo (sura ya 29) haikuwa tamu. Iliwaagiza mateka wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea heri mji uliowateka, kwa kuwa uhamisho ungedumu miaka 70. Shemaya Mnehelami aliyekuwa huko Babeli alikasirika mno akaandika kwa kuhani wa Yerusalemu akitaka Yeremia atiwe mkatale. Hasira yake inaeleweka. Kabla ya hapo nabii Hanania alikuwa ameahidi hadharani kwamba mambo yangekwisha katika miaka miwili, akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Watu walikuwa wamepewa tumaini la karibu, na sasa walikuwa wanaandikiwa tumaini ambalo wengi wao wasingeishi kuliona.

Sura za 30 na 31 huitwa Kitabu cha Faraja. Humo yumo Raheli, mama wa kale wa makabila ya kaskazini, akiwalilia wanawe huko Rama, na humo imo ahadi ya agano jipya litakaloandikwa mioyoni. Sura ya 32 ina kisa ambacho pengine kinasema zaidi. Jeshi la Wakaldayo, yaani Wababeli, likiwa limeuzingira mji, Yeremia, akiwa kifungoni, alinunua shamba la binamu yake Hanameli huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Ardhi hiyo ilikuwa tayari mikononi mwa adui. Hati ziliandikwa mbele ya mashahidi, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, kisha Baruku, mwandishi wake, akaagizwa aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Katika unabii wote wa Kiebrania hakuna tumaini lililotiwa kwenye hati za mauzo kwa makini kiasi hicho.

Ezekieli

Ezekieli, kuhani aliyehamishwa mwaka 597 KK, aliishi miongoni mwa mateka huko Tel-abibu kando ya mto Kebari. Huo ulikuwa mfereji katika eneo la Nipuri, na jina lake limo pia katika vibao vya Babeli. Hadi habari ya kuanguka kwa mji ilipomfikia (sura ya 33) alikuwa nabii wa maangamizi. Baada ya hapo ujumbe wake uligeuka. Mungu anakuwa mchungaji badala ya wafalme waliojilisha wenyewe (34), mifupa mikavu inavikwa nyama na kupumua (37), na mto unatoka chini ya hekalu jipya na kuiponya Bahari ya Chumvi (47). Maono ya mifupa yanaanza na malalamiko ya wahamishwa wenyewe, waliosema kwamba mifupa yao imekauka. Nabii aliichukua kauli yao akaigeuza kuwa picha. Maono hayo yamechorwa ukutani katika sinagogi la Dura-Europos nchini Syria, la mwaka 244 BK hivi.

Faraja ya Ezekieli ni kavu. Anasisitiza kwamba Mungu atawarejesha watu kwa ajili ya jina lake, wala si kwa sababu wanastahili.

Isaya wa Pili

Kutengwa kwa sura za 40–55

Kitabu cha Isaya kina sura 66 na hubeba jina la nabii wa karne ya 8 KK. Kuanzia sura ya 40 Ashuru imetoweka, Babeli ndiyo mtawala, Yerusalemu ni magofu, na Koreshi wa Uajemi anatajwa kwa jina. Abraham ibn Ezra, mfasiri Myahudi wa karne ya 12, alilidokeza tatizo hilo kwa mafumbo. Johann Christoph Döderlein na Johann Gottfried Eichhorn walilisema wazi mwishoni mwa karne ya 18. Bernhard Duhm, katika ufafanuzi wake wa mwaka 1892, alizitenga pia sura za 56–66 na kuzipa mtunzi wa tatu. Wapo Wayahudi na Wakristo wanaoshikilia mtunzi mmoja, na hoja yao hutegemea zaidi msimamo juu ya uwezo wa unabii kuliko maandishi yenyewe. Gombo kuu la Isaya lililopatikana Qumrani mwaka 1947, lenye urefu wa mita 7 na zaidi, halitoi jibu: sura ya 40 inaanza kwenye mstari wa mwisho wa safu, bila nafasi ya pekee.

Jina la mtunzi halijulikani, na hata jinsia yake imejadiliwa.

Namna ya kufariji

Ushairi huu hauna vina wala mizani kwa maana ya utenzi. Nguvu yake iko katika mshororo wa pili kulirudia wazo la kwanza kwa maneno mengine, na katika kurudufu amri: fariji inatajwa mara mbili, na baadaye amka, amka. Isaya wa Pili anaanza kwa kujibu Maombolezo moja kwa moja. Yule aliyekosa mfariji sasa anatangaziwa kwamba utumishi wake umekwisha na deni lake limelipwa maradufu. Baadaye (49) Sayuni, yaani Yerusalemu, analalamika kuwa amesahauliwa, na Mungu anajibu kwa mfano wa mama na mtoto anayenyonya, mmoja wa mifano michache ya kike kuhusu Mungu katika Biblia ya Kiebrania.

Joachim Begrich alionyesha mwaka 1934 kwamba vifungu vinavyoanza kwa kuwaambia watu wasiogope vinafuata muundo wa jibu ambalo, kwa maoni yake, kuhani alimpa mwombaji hekaluni. Maneno ya namna hiyo yamo pia katika unabii wa mungu wa kike Ishtari wa Arbela kwa mfalme Esarhadoni wa Ashuru, karne ya 7 KK. Tofauti ni kwamba kule aliyetulizwa alikuwa mfalme mwenye jeshi. Hapa ni kundi la wakulima wa mifereji wasio na mfalme.

Lakini sehemu kubwa ya Isaya wa Pili ni ubishi, jambo ambalo wasomaji wa ibada huliruka. Mataifa yanaitwa mahakamani, miungu yao inatakiwa ilete ushahidi kwamba iliwahi kutabiri chochote. Seremala anachekwa kwa kukata mti mmoja, nusu akaokee mkate, nusu akaisujudie (44). Beli (yaani Marduki) na Nebo, miungu ya Babeli waliozoea kutembezwa kwa fahari katika sherehe za mwaka mpya, wanaonekana wakiwa mzigo juu ya wanyama waliochoka (46). Mtunzi aliona kwamba mtu aliyekata tamaa hafarijiki kwa upole peke yake. Sharti kwanza aonyeshwe kuwa hofu yake haina msingi.

Picha inayotawala ni barabara iliyonyooka jangwani, mabonde yamefukiwa na vilima vimesawazishwa. Misafara halisi haikukata jangwa. Ilipanda kaskazini-magharibi kwa kufuata mto Frati, ikateremka Shamu. Safari ya Ezra ya miezi minne, inayotajwa katika kitabu chake, ndiyo kipimo cha ukweli huo.

Koreshi

Katika 45:1 Koreshi anaitwa masihi, yaani mtiwa mafuta wa Mungu. Hakuna mgeni mwingine anayeitwa hivyo katika Biblia ya Kiebrania. Yaelekea wasikilizaji walishtuka, kwani mistari inayofuata inawakemea wanaobishana na mfinyanzi. Koreshi aliingia Babeli Oktoba 539 KK. Silinda ya udongo yenye tamko lake, iliyopatikana mwaka 1879 katika uchimbaji wa Hormuzd Rassam na sasa ipo British Museum, inasema kwamba Marduki ndiye aliyemchagua na kumshika mkono. Yuda na Yerusalemu havitajwi humo. Tena Babeli haikuangamizwa kama sura ya 47 ilivyotazamia, na sanamu ya Beli haikwenda popote.

Mtumishi

Duhm alitenga mashairi manne (42:1–4, 49:1–6, 50:4–9, 52:13–53:12) na kuyaita Nyimbo za Mtumishi. Wayahudi kwa kawaida humtambua mtumishi huyo kuwa Israeli, Wakristo kuwa Yesu.

Manabii wengine

Mwisho wa Amosi na vifungu vya Mika na Sefania vina ahadi za kurejea ambazo wengi huziona kuwa nyongeza za wakati wa uhamisho au baada yake. Obadia ni hasira dhidi ya Edomu zaidi ya faraja.

Kurejea

Kitabu cha Ezra kinahesabu waliorudi kuwa 42,360, mbali na watumishi 7,337. Idadi hiyo huenda inajumlisha awamu kadhaa. Hekalu lilimalizika mwaka 515 KK kwa msukumo wa manabii Hagai na Zakaria; msingi wake ulipowekwa, wazee walioliona la kwanza walikuwa wamelia. Wengi hawakurudi kabisa: walikuwa wameitii barua ya Yeremia, na nyumba zao zilikuwa na watu na bustani zao zinazaa. Jumuiya ya Wayahudi wa Babeli ilidumu, na zaidi ya miaka 1,000 baada ya uhamisho Talmudi ya Babeli ilitoka kwao.

Matumizi ya baadaye

Katika sinagogi, Sabato inayofuata Tisha B'Av, mfungo wa kukumbuka kubomolewa kwa hekalu, huitwa Nahamu kwa neno la kwanza la Isaya 40, na hufungua Sabato saba za faraja ambazo masomo yake yote yanatoka Isaya 40–66. Talmudi inataja Menahemu, mfariji, kuwa moja ya majina ya Masihi. Jumuiya ya Qumrani iliielewa barabara ya jangwani kuwa ni kujifunza Torati. Injili zinaihusisha na Yohana Mbatizaji. Oratorio ya Handel, Messiah, iliyoimbwa kwanza Dublin mwaka 1742, inafunguliwa kwa mistari hiyohiyo, na Martin Luther King aliitumia picha ya mabonde na vilima katika hotuba yake ya Washington mwaka 1963.

Kitabu cha Daniel L. Smith, The Religion of the Landless (1989), kiliusoma uhamisho wa Babeli kwa kuulinganisha na jamii nyingine zilizohamishwa kwa nguvu. Katika kalenda ya masomo ya Kanisa Katoliki, Isaya 40:1–5 na 9–11 husomwa Jumapili ya pili ya Majilio, Mwaka B.