Rudolph Cartier na Upana wa Kioo Kidogo

Jumamosi jioni, tarehe 18 Julai 1953, BBC ilianza kurusha The Quatermass Experiment, tamthilia ya sehemu sita iliyotungwa na Nigel Kneale na kuongozwa na Rudolph Cartier. Roketi ya kwanza kupeleka binadamu angani inarudi na kuanguka London. Waliopanda walikuwa watatu, anayetoka ni mmoja, Victor Carroon, na mwili wake unaanza kugeuka kidogo kidogo kuwa kitu ambacho si mtu, si mnyama wala si mmea. Profesa Quatermass, aliyewatuma huko, sasa analazimika kuyasaka matokeo ya kazi yake mwenyewe. Tangu hapo sifa nyingi za tamthilia hii zimekwenda kwa mtunzi, nazo ni haki yake. Lakini kilichobadilika katika runinga ya Uingereza baada ya majira yale hakikuwa hadithi peke yake. Ilibadilika imani kuhusu kiasi gani cha dunia kinaweza kuingia katika kioo cha sebuleni, na mabadiliko hayo yalitokana zaidi na mwongozaji.

Kabla yake, tamthilia za runinga zilitegemea sana michezo ya jukwaani iliyohamishiwa studio. Wakuu wengi waliamini kwamba kioo kidogo kinafaa vyumba vidogo, watu wachache na mazungumzo ya chini. Cartier hakulelewa katika imani hiyo. Alizaliwa Vienna mwaka 1904, akasomea usanifu majengo, kisha akajifunza tamthilia kwa Max Reinhardt, bingwa wa maonyesho makubwa ya halaiki. Baadaye aliandika miswada ya filamu Berlin katika kampuni ya UFA. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, Cartier, aliyekuwa Myahudi, aliondoka Ujerumani na hatimaye akafika Uingereza. Mama yake aliuawa katika mauaji ya Wayahudi. Alipojiunga na BBC mwaka 1952 alimwambia waziwazi Michael Barry, mkuu wa idara ya tamthilia, kwamba kazi zao ni mbovu na kwamba wanahitaji miswada mipya. Mtu aliyekwisha kupoteza nchi hakuogopa kuwaudhi wenyeji wake kwa ajili ya kazi.

Vifaa alivyopewa vingemkatisha tamaa mwingine. Studio ya Alexandra Palace ilikuwa na kamera za tangu 1936, na bajeti ya sehemu zote sita haikufika pauni 4,000. Matangazo yalikwenda moja kwa moja: mwigizaji akikosea, taifa zima limeona. Hapo Cartier alitumia vipande vya filamu vilivyopigwa mapema nje ya studio. Vipande hivyo viliwapa waigizaji muda wa kubadili mavazi na kukimbilia seti nyingine, lakini faida yake kubwa ilikuwa kwa mtazamaji, aliyetolewa chumbani na kupelekwa mtaani, kisha akarudishwa ghafla mbele ya uso wa mtu mwenye hofu. Mwisho wa kisa unatokea Westminster Abbey, kanisa ambalo Waingereza walikuwa wamelitazama kwenye runinga tarehe 2 Juni mwaka huohuo, Malkia Elizabeth alipotawazwa. Dubwana lenyewe lilikuwa mikono ya Kneale ndani ya glavu zilizobandikwa majani, ikipenyezwa katika picha kubwa ya kanisa hilo. Watu wapatao milioni 5 walitazama, nao walitishika.

Wako wanaosema kwamba mkono wa mtunzi ndio uliofanya kazi, na kwamba filamu ndani ya tamthilia ilikuwapo kabla ya Cartier. Hoja ya pili ni kweli, na asisifiwe kwa uvumbuzi ambao si wake. Alichofanya ni kuukataa udogo, kazi baada ya kazi. Mwaka 1954 aliongoza Nineteen Eighty-Four, iliyozua mjadala hadi bungeni. Mwaka 1955, katika Quatermass II, alipeleka kamera katika kiwanda halisi cha kusafisha mafuta cha Shell Haven, Essex. Hoja ya kwanza inajibiwa na Quatermass and the Pit, iliyorushwa kuanzia Desemba 1958 hadi Januari 1959. Kneale aliandika kwamba wakazi wa London wanapandwa na wazimu wa kale wa kuwaua wasiofanana nao, na miezi michache tu kabla ya hapo ghasia za ubaguzi wa rangi zilikuwa zimelikumba eneo la Notting Hill. Maneno hayo yangeweza kuishia midomoni mwa wataalamu wawili wakisimuliana chumbani. Cartier aliujaza mji wenyewe watu wenye wazimu huo. Sidhani ni bahati kwamba umati wa wauaji ulionyeshwa kwa uzito hivyo na mtu aliyeikimbia Berlin.

Katika sehemu sita za 1953 zimebaki mbili za mwanzo tu, nne hazikuhifadhiwa. Kwa hiyo anayetaka kumpima Cartier kwa haki aanze na Quatermass and the Pit, ambayo ipo nzima, sehemu zote sita.