Mhojiwa Namba 4

Katika kabati langu la vitabu kuna jalada jeusi lenye kurasa 61, zilizopigwa kwa taipureta mwaka 1994. Ndiyo tasnifu niliyoiandika nikiwa mwaka wa tatu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikitafuta shahada yangu ya kwanza ya historia. Inahusu wanawake wa Dar es Salaam na harakati za uhuru. Mwishoni kuna orodha ya niliowahoji: Mhojiwa Namba 1, Namba 2, mpaka Namba 7. Jina hakuna hata moja.

Siku hizo masomo ya wanawake na jinsia yalikuwa bado yanatafuta pa kukaa. Pale Mlimani wahadhiri wanawake walikuwa na vikundi vyao vya utafiti tangu miaka ya 1980, na wenzetu wa Makerere walikwisha kufungua idara mwaka 1991. Hata hivyo mwanafunzi aliyechagua mada kama yangu hakukosa kuulizwa kama hiyo ni historia au ni maneno ya uani. Shangazi yangu, nilipomwambia kuwa nasoma mambo ya jinsia, alitazama chini kwa aibu, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilianzia Nyaraka za Taifa, Upanga. Kwa wiki mbili nilipekua mafaili ya serikali ya kikoloni. Katika karatasi nilizopewa, wanaume walitajwa kwa majina na kazi zao. Wanawake, walipotajwa, walikuwa kundi tu. Nikafunga daftari nikaenda Magomeni.

Msomaji anajua kuwa TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Labda hajui kwamba mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Viongozi wakahangaika kidogo. Aliyesimamishwa mbele ni Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuwa na elimu kubwa ya darasani, lakini alikuwa na kitu ambacho wasomi wa chama hawakuwa nacho: aliwajua wakubwa wa ngoma wa mji mzima. Vikundi vya lelemama vilikuwa na viongozi wao, sare zao, michango ya harusi na misiba, na desturi ya kupelekeana habari nyumba kwa nyumba. Ukimpata mkubwa wa ngoma umewapata wote walio nyuma yake. Kwa miezi michache tu wanawake walionunua kadi walihesabiwa kwa maelfu. Wengi walikuwa Waislamu, watu wazima, na si wachache waliokuwa wameachika, wakijipatia riziki kwa biashara ndogondogo. Mwanahistoria wa Kimarekani, Susan Geiger, aliyaandika haya katika makala ya mwaka 1987, kisha katika kitabu chake TANU Women cha mwaka 1997. Mimi nilikuwa na makala tu, tena nakala iliyofifia.

Mhojiwa Namba 4 alikuwa na nyumba ya vyumba sita Magomeni. Nilimkuta barazani akichambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa, usinisimamie kama askari."

Nikatoa kinasa sauti na karatasi yangu ya maswali. Swali la kwanza, ambalo nililiona la kisomi sana, lilikuwa hili: TANU iliwaletea wanawake mwamko gani? Aliacha kuchambua.

"Mwamko? Kwani sisi tulikuwa tumelala wapi?"

Nikaikunja karatasi ile. Akanisimulia kwa muda wa saa tatu. Mumewe alikuwa karani wa serikali, na serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na chama. Basi kadi ikakatwa na mke, ikalala ndani ya debe la unga, chini kabisa. Habari za mikutano alizipeleka yeye na wenzake wa ngoma kana kwamba wanaalika watu harusini. Aliimba pia, akipiga vidole kwenye ungo, na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka tisa hivi, akatoka ndani kutazama kwa mshangao. Hakuwa amepata kumsikia bibi yake akiimba.

Nilipokuwa nafunga mkoba akaniuliza: "Na hicho kitabu chako, watu watajua kuwa ni mimi?"

Nikamweleza kanuni nilizofundishwa, kwamba jina lake litafichwa kwa usalama wake. Akacheka mpaka akakohoa.

"Tulipojificha tulimficha Mzungu. Sasa unanificha nani?"

Sikuwa na jibu, wala sikulitafuta. Kanuni ile haikuwa ya kijinga. Bibi Titi mwenyewe, aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa UWT mwaka 1962, alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiliwa mwaka 1972. Na kwa miaka mingi baadaye watu walilitamka jina lake kwa sauti ya chini. Wawili kati ya wahojiwa wangu waliniomba wenyewe niwafiche. Lakini huyu aliomba kinyume chake, nami nikamtia namba kama wengine, kwa sababu orodha ilipendeza ikiwa sawasawa na mimi nilikuwa nawaza alama. Juu ya hayo niliandika kwa Kiingereza, kama ilivyotakiwa. Lile jibu lake la kulala likawa sentensi ndefu yenye neno la kigeni kwa ajili ya "mwamko". Nilipata daraja zuri.

Miaka kadhaa baadaye nilinunua kitabu kilichotoka mwaka 1991, Wanawake Watatu wa Kiswahili, maisha ya wanawake wa Mombasa yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel. Nilikifungua nikiwa nimesimama dukani. Kaje wa Mwenye Matano. Mishi wa Abdala. Shamsa Muhamad Muhashamy. Wanasema kwa Kiswahili chao wenyewe, na majina yao yapo. Kitabu kile kilikuwa kimekwisha kutoka nilipokuwa naandika yangu, sikukitafuta.

Bibi wa Magomeni alifariki mwaka 1999, mwaka mmoja kabla ya Bibi Titi. Sikuhudhuria mazishi, sikujua.

Juzijuzi yule mjukuu wa kike, sasa ana watoto wakubwa, alinitafuta. Alikumbuka kuwa aliwahi kuja dada wa chuo na mashine ya kunasia sauti. Alitaka kukiona kitabu. Nikampa. Akakifunua mbele, nyuma, akapita kidole kwenye orodha, akanitazama. Ikanibidi nimwonyeshe kwa kidole: huyu, Namba 4.

Hakusema kitu. Aliomba kalamu. Akaandika pembeni ya namba ile jina la bibi yake, la baba yake bibi na la babu yake, kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikapenya upande wa pili. Kanda nilimpa aende nayo. Hapa jina silichapishi: ameniomba niwaachie wao wa ukoo walichapishe kwanza, katika kitabu chao, kwa Kiswahili.