Mombasa: Mahali pa Kutazamwa na Wageni
Katika mahali pote ambapo mgeni aingiaye Mombasa yampasa kupazuru, pa kwanza bila shaka ni Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 juu ya jabali la matumbawe lielekealo mlango wa bandari ya kale, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati. Waomani waliihusuru tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, wakaitwaa. Waingereza wakaigeuza gereza. Leo ni makumbusho, nayo ni urithi wa dunia tangu 2011. Humo mtu asikose kuitazama michoro ya merikebu na samaki ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, kwani inasimulia maisha yao kuliko mizinga yote. Jirani yake ni Mji wa Kale, wenye vichochoro, roshani, milango ya nakshi na Msikiti wa Mandhry. Pembe kubwa za alumini katika Barabara ya Moi zatosha kutazamwa kwa kupita. Aendaye ngomeni na aende asubuhi, kabla ya jua kali, wala asifanye haraka.