Mchango wa Fairport Convention katika Uhuishaji wa Nyimbo za Jadi za Uingereza: Tathmini Mpya ya Mwaka 1969

1.0 Utangulizi

Bendi ya Fairport Convention iliasisiwa jijini London mwaka 1967 na vijana waliovutiwa na nyimbo za Amerika ya Kaskazini, hususan za Bob Dylan na Joni Mitchell. Mnamo Desemba 1969 ilitoa albamu ya Liege & Lief, ambamo nyimbo za jadi za Uingereza zilipigwa kwa gitaa la umeme, besi na dramu. Masimulizi yaliyozoeleka huyaeleza mageuzi hayo kuwa zao la ajali ya barabarani. Makala hii inajenga hoja kwamba ajali iliharakisha safari iliyokwisha kuanza, na kwamba urithi mkuu wa bendi hii si ala za umeme, bali ni namna ilivyozirejesha nyimbo zilizohifadhiwa vitabuni katika utendaji hai.

2.0 Ajali na Suala la Chimbuko

Tarehe 12 Mei 1969, gari la bendi lilipata ajali katika barabara kuu ya M1 likitoka Birmingham. Mpiga dramu Martin Lamble, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alifariki dunia, pamoja na Jeannie Franklyn, mpenzi wa mpiga gitaa Richard Thompson. Walionusurika waliamua kutoendelea na nyimbo za awali. Walihamia Farley Chamberlayne, Hampshire, wakaandaa nyimbo mpya pamoja na mpiga fidla Dave Swarbrick na mpiga dramu Dave Mattacks.

Hata hivyo, mfuatano wa matukio hauruhusu ajali kuchukuliwa kuwa chanzo. “A Sailor’s Life”, wimbo wa jadi wa takribani dakika 11 uliotoka katika albamu ya Unhalfbricking, ulirekodiwa kabla ya ajali. Mwimbaji Sandy Denny alikuwa akiuimba tangu awali, Swarbrick alishiriki kama mgeni, na dramu zinazosikika ni za Lamble mwenyewe. Aidha, albamu ya Music from Big Pink ya kundi la The Band (1968) ilikuwa imewadhihirishia kwamba wanamuziki wa ng’ambo walichota katika jadi yao wenyewe. Msiba, basi, haukuzaa wazo. Ulifunga njia ya kurudi nyuma.

3.0 Kutoka Maktabani hadi Jukwaani

Ashley Hutchings, mpiga besi, alipekua mikusanyo iliyohifadhiwa Cecil Sharp House, London. “Tam Lin” na “Matty Groves” zimo katika mkusanyo wa Francis James Child wenye nyimbo 305 za masimulizi. Mikusanyo ya aina hiyo imehojiwa: Dave Harker (1985) anadai kwamba wakusanyaji waliichuja sauti ya tabaka la wafanyakazi kwa matakwa ya tabaka lao. Hoja hiyo ina uzito, lakini haielezi kinachotokea matini inaporudi kwa fanani. Katika “Farewell, Farewell”, Thompson alitunga maneno mapya juu ya lahani ya zamani. “Crazy Man Michael” ni utungo mpya wenye sura ya kijadi. Matini haikuchukuliwa kuwa masalia, bali mali ya kutumiwa na kubadilishwa, kama ilivyo kawaida ya fasihi simulizi.

4.0 Urithi

Kuondoka kwa wanabendi kulieneza mbinu hiyo. Hutchings aliasisi Steeleye Span, ambayo wimbo wake “All Around My Hat” ulifika nafasi ya 5 katika chati za Uingereza mwaka 1975, miaka kadhaa baada ya yeye kuondoka. Denny aliunda Fotheringay. Bendi yenyewe iliaga mwaka 1979 katika kijiji cha Cropredy, Oxfordshire. Mikutano iliyofuata hapo ikageuka kuwa tamasha la kila mwaka. Mwaka 2006, wasikilizaji wa BBC Radio 2 waliichagua Liege & Lief kuwa albamu yenye athari kubwa zaidi katika muziki wa jadi.

5.0 Hitimisho

Kuifanya ajali kuwa chimbuko kuna gharama ya kihistoria: Lamble hubaki katika kumbukumbu kama kifo kilichowezesha kazi ya wengine. Ushahidi wa “A Sailor’s Life” unamrejeshea nafasi yake stahiki, ya mmoja wa waanzilishi wa mtindo huo. Historia ya muziki haina budi kuanza na rekodi zenyewe kabla ya kuyakubali masimulizi yanayozizunguka.