Uzazi wa Mpango Kandokando ya Ziwa Victoria: Kabila au Historia?

Watumishi wengi wa Kanisa waliopata kufanya kazi katika mikoa ya Mwanza, Simiyu na Shinyanga hutoa maelezo mepesi: Wasukuma hawataki uzazi wa mpango. Maelezo hayo hutolewa kana kwamba yamemaliza shauri. Sisi twaona kwamba yanaficha historia, tena historia ambayo makanisa yetu yamo ndani yake.

Tofauti ipo kweli. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha wastani wa watoto 5.2 kwa kila mwanamke nchini, na 6.4 katika Kanda ya Ziwa. Wanawake walioolewa waliotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 32 nchini. Kanda hii ilikuwa chini ya hapo. Lakini mkoa ulioongoza haukuwa Kilimanjaro wala Dar es Salaam, bali Lindi, wenye asilimia 52, mkoa usio tajiri na wenye Waislamu wengi; ilhali Zanzibar, nayo ya Waislamu, ilikuwa na asilimia 14. Atakayelieleza jambo hili kwa kabila, dini au umaskini peke yake atapata taabu.

Hatuna budi kurudi nyuma. Chama kilichokuja kuitwa UMATI kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, katika mji ambao kwa miaka mingi ya ukoloni Wazungu walikuwa wametibiwa Ocean Road na Waafrika Sewa Haji. Kilizaliwa mjini, na kwa miaka mingi kiliwahudumia hasa watu wa mijini. Ni mwaka 1974 tu Serikali ilipoiingiza huduma hii katika kliniki za mama na mtoto, na mpango wa taifa haukuzinduliwa hadi mwaka 1989. Kwa hiyo mke wa karani mjini Mwanza alitangulia miaka mingi mbele ya mke wa mkulima wa pamba kule Kwimba. Huyu wa pili aliishi katika nyumba ambayo watoto walikuwa mikono ya kupalilia na kuchunga, na ambayo ng'ombe wa mahari walikwisha kuamua watoto ni wa ukoo gani. Kutaka watoto wengi hakukuwa ujinga, ilikuwa hesabu.

Umbali nao una sehemu yake. Sindano hupendwa na wengi kwa sababu mume haioni, lakini yadai kurudi kila baada ya miezi mitatu, na kwa mama wa kisiwani, anapoikosa katika zahanati yake, kurudi huko maana yake ni nauli ya chombo na siku nzima ya kazi. Mwongozo wa taifa wa mwaka 1994 ulitamka kwamba huduma ni haki ya kila mtu mwenye umri wa kuzaa, awe na ndoa au asiwe nayo. Maandishi hayo hayakufuta mara moja desturi ya kumwuliza mwanamke habari za mumewe.

Na makanisa? Sengerema na Sumve, watu wa vijijini wametegemea hospitali za Kanisa Katoliki, ambalo tangu waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968 hufundisha njia za asili tu. Twawaheshimu ndugu zetu. Dhamiri yao ni wazi. Lakini Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa yalizipa hospitali za makanisa yote nafasi katika huduma ya umma, na mgonjwa hachagui dhehebu la hospitali iliyo karibu naye. Sisi Walutheri, ambao mafundisho yetu hayakatazi, tumejificha mara nyingi nyuma ya ukimya. Mwezi Septemba 2018, huko Meatu, Rais Magufuli alipowaita wavivu wale wanaopanga uzazi, mimbari zetu nyingi hazikuwa zimewahi kusema neno lolote ambalo waumini wangeweza kulipima na lile.

Kwamba neno la mimbari lina uzito hapa si dhana. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulihusu vijiji vya Mwanza ambako viongozi wa makanisa walifundishwa kwanza habari za tohara ya wanaume: waliotahiriwa walikuwa asilimia 53, dhidi ya 30 katika vijiji vingine. Tohara si uzazi wa mpango, na katika jambo hili mwenye kubeba mimba siye mwenye kauli nyumbani. Lakini waliosikiliza walikuwa wengi wao Wasukuma wale wale tuliokwisha kuwatangaza kuwa hawasikii.