Masomo ya mazingira jijini Kampala: shahada, cheti na ajira

Chini ya kilima cha Mengo, makao makuu ya ufalme wa Buganda, lipo ziwa dogo lililochimbwa kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Pili katika miaka ya 1880. Alikusudia kuliunganisha na Ziwa Victoria, lakini kazi hiyo haikukamilika. Leo limebanwa na makazi ya mji. Upande wa pili wa kilima, maji ya mvua hushuka Kisenyi na kuingia Mfereji wa Nakivubo, ambao hubeba uchafu wa katikati ya jiji hadi Ghuba ya Murchison. Kutoka ghuba hiyo hiyo, huko Ggaba, ndiko inakotekwa sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Kampala. Kati ya mfereji na ghuba yamebaki mafunjo ya ardhioevu, ambayo huchuja sehemu ya uchafu huo bila malipo, na ambayo yanazidi kupungua.

Kijana wa Mengo anayetaka kusomea mazingira, basi, ana somo lake mlangoni. Swali ambalo wazazi huuliza ni jingine: je, atapata kazi?

Nchini Uganda, shahada ya sayansi ya mazingira hutolewa katika Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya Koleji ya Sayansi za Kilimo na Mazingira, na katika vyuo vikuu vingine kadhaa. Mwombaji anayetoka moja kwa moja kidato cha sita hutakiwa awe amefaulu angalau masomo makuu mawili. Aliyefaulu moja anaweza kuanzia stashahada. Anayependa misitu ana njia fupi zaidi katika Chuo cha Misitu cha Nyabyeya, wilayani Masindi.

Shahada peke yake, hata hivyo, haimruhusu mhitimu kutia saini tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1995, inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na wataalamu wanaoiandaa lazima wawe wamesajiliwa na kupewa cheti kupitia mamlaka ya mazingira, NEMA. Cheti hicho hutaka uzoefu wa kazi. Hapa ndipo wahitimu wengi hukwama, kwa hiyo nafasi ya mafunzo kazini ni ya kutafutwa mapema, tangu mwaka wa pili wa masomo ikiwezekana.

Serikalini, kila wilaya huwa na maofisa wa mazingira, lakini ni wachache mno. Ajira zaidi hutokana na viwanda, ujenzi wa barabara na sekta ya mafuta. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limehitaji wataalamu wa mazingira pande zote mbili za mpaka, na huko Kiswahili si pambo. Ndivyo ilivyo pia katika makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, ambako wengi wametoka Kongo na ambako upandaji miti na majiko yanayotumia kuni kidogo ni kazi za kila siku.

Taka ni uwanja mwingine, na pengine wenye uhitaji mkubwa kuliko yote. Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala tangu 1996, liliporomoka na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa. Kupima uthabiti wa mlima wa taka na maji machafu yanayovuja chini yake ni utaalamu unaofundishwa darasani, ingawa wanafunzi wengi huvutiwa zaidi na mbuga za wanyama.

Asiye na ada anaweza kuomba mkopo wa wanafunzi wa elimu ya juu, uliowekewa sheria mwaka 2014 na unaotoa kipaumbele kwa masomo ya sayansi. Mkopo huo hulipia masomo. Chakula na malazi hubaki mikononi mwa familia.