Kabla ya Vasha Kuwa Vasha

Tangu 2021, kuna wikendi moja kila mwaka ambayo nusu ya Nairobi huhamia Naivasha. Hata msee asiyejua tofauti ya klachi na breki anatafuta mahali pa kulala, anachanga pesa za mafuta na mbogi yake, na kufikia Ijumaa jioni Subaru zimepangana Mai Mahiu kama siafu. Muulize nani alishinda Safari Rally ya mwaka jana, atakuangalia tu. Yeye hakuenda kuona nani ameshinda. Alienda Vasha.

Wazee wanaopenda mbio hizi hawafurahishwi na mambo hayo. Wanasema sisi vijana tumechukua mashindano tukayageuza sherehe. Nimekuwa nikiisoma historia ya mbio za magari kwa muda sasa, na jibu langu kwa wazee wetu ni hili: mashindano na likizo havikukutana Naivasha. Vimetembea pamoja tangu mwanzo. Swali linalofaa kuulizwa ni sherehe ni ya nani, na nani yuko nje akiiangalia.

Tuanzie mbali kidogo. Monaco ni nchi ndogo mno, kama kilomita mbili za mraba hivi, kando ya bahari kusini mwa Ufaransa. Ilikuwa na kasino, hoteli na jua. Shida yake ilikuwa kuwavuta matajiri wa Ulaya waje hata Januari, wakati wengi wao wangependa kukaa nyumbani karibu na moto. Mwaka wa 1911 wakaanzisha Monte Carlo Rally. Madereva waling'oa nanga kutoka miji tofauti, Paris na Berlin ikiwemo, na wote walielekea sehemu moja: Monaco. Mshindi wa kwanza alikuwa Mfaransa Henri Rougier. Na alama hazikutolewa kwa mwendo peke yake. Waamuzi waliangalia pia urembo wa gari na kama abiria wake walisafiri kwa starehe. Hebu fikiria mbio ambazo unaongezewa alama kwa sababu kiti chako ni laini. Hiyo ilikuwa likizo iliyovalishwa kofia ya dereva.

Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, kina hadithi inayokaribiana na hiyo. Sheria ya Uingereza wakati huo haikuruhusu gari kuzidi maili 20 kwa saa, na barabara za umma hazikuweza kufungwa ili watu washindane. Kisiwa hicho kina bunge lake, nalo likakubali kuzifunga barabara zake. Mbio za pikipiki za TT zikaanza huko 1907, na mpaka leo watu hupanda feri na pikipiki zao kwenda kulala kisiwani mbio zikifika.

Sasa turudi kwetu.

Safari Rally ilizaliwa na maneno ya dharau. Inavyosimuliwa, Eric Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, ashindane katika uwanja wa mbio wa Langa Langa kule Nakuru. Vincent akakataa. Kuzunguka pale pale, pale pale, kwake ilikuwa ni kuchosha tu. Lakini akasema kama kungekuwa na mbio za kuingia ndani ya gari, kufunga mlango, kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, basi hapo wangemwona. Mbio za kwanza zikafanyika kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ziliitwa East African Coronation Safari, kwa sababu Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa anavishwa taji London tarehe 2 Juni. Walioshiriki walikuwa watu waliokuwa na magari yao wenyewe, na magari yaligawanywa katika makundi kulingana na bei yake dukani.

Hadi hapo ni hadithi tamu, na ndivyo inavyosimuliwa kila mbio zikikaribia. Lakini shika hiyo tarehe, 27 Mei 1953, halafu urudi nyuma kidogo.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi. Kituo gani? Naivasha. Walichukua bunduki na risasi, wakawafungulia wafungwa, wakatokomea gizani. Usiku huo huo, kule Lari, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, watu waliuawa na nyumba zikachomwa, na baada ya hapo wengine wengi wakauawa kwa kulipiza kisasi. Tarehe 8 Aprili, huko Kapenguria, Jomo Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Hesabu mwenyewe. Kutoka hukumu ya Kapenguria hadi magari ya kwanza ya Safari kuondoka ni wiki saba kamili.

Kwa hivyo mwaka ule kulikuwa na safari za aina mbili barabarani. Kuna waliofunga mlango wa gari na kwenda kutafuta raha hadi nchi jirani. Na kuna familia za Wakikuyu zilizokuwa zikifukuzwa kutoka mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa, zikipakiwa kwenye malori pamoja na vyungu na watoto na kurudishwa mkoa wa Kati, mahali ambapo wengine hawakuwa na hata kipande cha ardhi. Mkikuyu hakuweza kutoka hapa kwenda pale bila kibali. Barabara zilikuwa zile zile. Kilichotofautiana ni nani aliruhusiwa kuziita likizo.

Hata kabla ya hapo, bonde hili lilikuwa limeshahamishwa watu. Jina lenyewe, Naivasha, ni la Kimaasai: E-naiposha, maji yanayochafuka kwa mawimbi. Mwaka wa 1904 Wamaasai walitiliana mkataba na serikali ya kikoloni uliowaondoa hapa, wengi wakapelekwa Laikipia, na kutoka 1911 wakaondolewa huko pia na kusukumwa kusini. Ardhi waliyoiacha ikawa mashamba makubwa ya walowezi. Sehemu kadhaa za mbio za siku hizi zinapita katika mashamba na hifadhi za watu binafsi, Soysambu ikiwemo, ambayo hadi leo ni ya ukoo wa Delamere.

Nisieleweke vibaya. Siandiki haya ili mtu akate tiketi yake vipande viwili. Kwa sababu jambo la pili lililotokea ni kwamba wenye nchi waliichukua hii Safari na kuifanya yao.

Hali ya hatari iliisha Januari 1960, na mwaka huo huo jina la taji likatolewa, mbio zikawa East African Safari. Kisha mashujaa wakabadilika. Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho, alishinda 1965 na Volvo iliyokuwa imeshatumika, akashinda tena 1974 na 1976. Watu walimwita Simba. Shekhar Mehta, ambaye familia yake ilikuja Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia kutoka Uganda 1972, alishinda 1973, halafu akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Hakuna mwingine aliyefikisha ushindi mara tano.

Na kando ya barabara ndiko sherehe ya kweli ilikokuwa. Kwa miaka mingi Safari ilikuwa ya Pasaka, na Pasaka Kenya ni mvua. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka wa 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba tena. Gari likizama kwenye tope, aliyelitoa alikuwa mwanakijiji na kamba yake na majirani zake. Barabara hazikufungwa, hakukuwa na tiketi, hakukuwa na uzio. Mbio zilikuja hadi mlangoni kwako, ukisimama tu na chai yako. Watoto walitengeneza magari ya waya na kila mmoja akawa Joginder. Mtu hakuhitaji kwenda likizo kuiona Safari. Safari ndiyo iliyomtembelea.

Halafu ikatoweka. Pesa na mpangilio vilikosekana, na baada ya ushindi wa Colin McRae 2002, Kenya ikaondolewa kwenye mashindano ya dunia. Kizazi changu kilikua bila Safari. Tuliisikia kwa wajomba tu, kama vile tunavyosikia habari za nyanya kumi kwa shilingi moja.

Iliporudi Juni 2021, ilirudi ikiwa kitu kingine. Mbio za zamani zilikuwa za maelfu ya kilomita kwenye barabara za kila mtu. Za sasa zina kilomita 300 na kitu za kushindania, nyingi zikiwa zimekusanywa karibu na Naivasha na Elmenteita, barabara zikiwa zimefungwa. Kwa usalama hiyo ni sawa kabisa. Lakini maana yake ni kwamba mbio haziji tena kwako. Lazima wewe uzifuate, na kuzifuata ni nauli, malazi na chakula. Mara ya mwisho nilipoenda, nilisimama kwenye vumbi saa nne nzima kuona kila gari kwa sekunde tano. Nilifurahi, sitadanganya. Lakini mama aliyekuwa akituuzia mayai na kachumbari aliniambia mwenye nyumba anayokodi alikuwa amemwambia ampishe wikendi hiyo ili chumba kikodishwe wageni. Alikuwa amelala kwa dadake, Karagita.

Hapo ndipo naona historia ikijirudia, ingawa kwa sauti ya chini zaidi. Mji unapofanywa mahali pa likizo, kuna mtu anayeambiwa asogee kidogo. Monaco walipanga wakijua wageni wataleta nini na watakaa wapi. Sisi pia tunaweza kupanga: mapato ya wiki ile yahesabiwe hadharani, kaunti iseme yameenda wapi, na mwenyeji wa Naivasha awe na mahali pa kusimama bila kulipa.

Aliyepunga bendera 2021 pale KICC, magari yakianza kuondoka, alikuwa Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa yule mfungwa wa Kapenguria. Baba mwenyewe, akiwa Rais, aliwahi kuyapungia bendera magari ya Safari. Kwa watu wale wawili, mbio zilizoanza kama sherehe ya Malkia zilikuwa zimeshakuwa zao. Kwa yule mama wa mayai bado.

Kwa hivyo mwaka huu nenda Vasha, cheza hadi asubuhi. Ukipitia barabara ya juu utapita Lari. Ukipitia ya chini utapita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano waliochimba barabara ile. Ukifika mjini, uliza kituo cha polisi kilipo. Na ukinunua mayai, lipa bei aliyokutajia.